Bei ya Ukucha Mmoja Uliopona

"Hii kidonge unamezaka kila siku, inauaka nini?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa amepiga magoti mbele ya pipa la muhogo, mikono imezama hadi viwikoni, bila hata kugeuka kunitazama. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa biolojia kwenye chuo kikuu, hapa Kisangani, na nilizoea kuuliza maswali kuliko kuulizwa. Niliwauliza maprofesa walijuaje hayo waliyotufundisha. Nilimuuliza padri. Niliwauliza hata vijana wa Chama tawala, ingawa hao niliwauliza kwa sauti ya chini. Lakini swali la Mama lilinishinda. Nikajibu, "Inaua ugonjwa." Mama akasema, "Bon," akaendelea kukamua.

Ninayaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye leo anakunja vidole ndani ya kiganja ili watu wasivione. Kuvu ya kucha haiui mtu, na ndiyo maana hakuna anayekuhurumia. Ukivunjika mguu watakuletea supu. Ukioza kucha, wanakuuliza kama huwa unaoga.

Ilianza na kidole gumba cha kulia, mwishoni mwa msimu wa viwavi vya kula, mvua kubwa zikirudi. Kwanza nyama iliyo chini ya ukucha ilivimba, ikawa nyekundu, ikawa inauma ninaposhika kalamu. Kisha ukucha wenyewe ukageuka rangi: njano, halafu kijani cha maji yaliyotuama. Ukapata mabonde. Ukaanza kunyanyuka pembeni na kumeguka kama ukoko wa sufuria. Kabla ya Noeli kidole cha shahada kilikuwa kimefuata, na cha kati kilikuwa njiani.

Niwaambie tuliishi vipi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini kucha tatu zilitosha kuifunga nyumba nzima. Papa alikuwa karani wa serikali. Mshahara wake ulifika ulipotaka, na ulipofika ulikuwa umeshapungua nguvu njiani. Nyumba ilisimama juu ya kwanga ya Mama, mkate wa muhogo. Muhogo unamenywa, unalowekwa ndani ya pipa siku kadhaa hadi ulainike na maji yawe machungu, halafu mwanamke anaingiza mikono, anauosha, anatoa nyuzi moja moja, anaukamua, anautwanga, anaufunga katika majani na kuupika. Kwanga nzuri hukaa wiki nzima bila kuharibika. Tangu shule ya sekondari, kila alasiri nikitoka darasani, nilikuwa na mikono ndani ya pipa lile pamoja na Mama. Daftari zangu, viatu vyangu, vyote vilitoka humo. Watu wangeacha kununua kwanga yetu, mwaka wangu wa mwisho ungeishia hapo hapo.

Na kwa kuwa bei ya vitu Jumatatu haikuwa tena ile ya Jumamosi, nyumbani kwetu tulihesabu kila kitu kwa kwanga. Kilo ya chumvi ni kwanga ngapi? Kushona viatu ni kwanga ngapi? Hivyo ndivyo nilivyoanza kuhesabu dawa pia. Nilijiambia kwamba bei ya chupa haina maana. Bei ninayotaka kuijua ni ya ukucha mmoja uliopona.

Dawa ya kwanza haikuuzwa. Ilikuwa maji ya muhogo yenyewe. Mtaani kwetu kila mama aliamini kwamba maji yale machungu husafisha: yanatoa kutu kwenye kisu, yanang'arisha sufuria, yanafanya mikono iwe myeupe. Jirani yetu alimwambia Mama, "Huyu mutoto anakamua mbio mbio, hakai na mikono ndani. Mwache akae nayo mpaka ichome." Nikakaa nayo. Kila jioni nusu saa zaidi, vidole vikiwa vimelowa na kukunjamana kama vya mtoto mchanga. Nilimuuliza Mama, "Kama maji haya yanatibu, mbona nimeugua nikiwa ndani yake?" Akaniambia niache siasa. Mwezi huo kidole cha nne kiliharibika. Bei: bure. Kucha zilizopona: hakuna. Zilizoongezeka: moja.

Dawa ya pili ilikuwa ya Tonton Gaspard, kaka yake Mama, fundi wa magari kule Simi-Simi. Barabarani jina lake lilikuwa lile la mababu, kama sheria ilivyotaka, na watu walimwita Citoyen Bokanga, yaani raia Bokanga. Nyumbani alibaki kuwa Gaspard. Alikuja na chupa ya petroli.

"Ingiza kidole humu, Feza. Hata mende anakufa."

"Mimi si mende, Tonton."

"Donc hautakufa. Ingiza."

Niliingiza. Ngozi iliungua, ikachubuka, na kwa wiki mbili nilishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Ukucha ulibaki vile vile, kijani, ukinitazama.

Mvua zilipopungua kidogo, Januari, nilikwenda hospitali. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza ile anajua: unafika alfajiri, unakuta benchi limeshajaa, unaegemea ukuta. Watu wanaumwa kweli kweli pale. Kuna mtoto anatetemeka kwa malaria, kuna mzee amebebwa kwenye kiti. Na wewe umekuja na kucha. Unaona aibu hata kusema. Kando yangu alikaa mwanamke mmoja wa upande wa maporomoko, mke wa mvuvi, vidole vyake vyote vya mkono wa kulia vimefungwa bandeji. Alinitazama mkono nilioufungia kwenye kitenge, akanisogezea karanga zake. Alipoona siwezi kuzimenya, alianza kunimenyea kwa mkono wake mzima, akaniwekea moja moja kiganjani. Kisha akasema, "Walining'oa zote, mwaka jana. Zikaota. Zikarudi vile vile. Leo nimekuja wang'oe tena."

Daktari alinitazama akiwa upande wa pili wa meza, hakusogea. "Tutang'oa," akasema. "Zote nne. Nenda ununue wembe, pamba, na dawa ya ganzi."

"Na zikirudi vile vile, Docteur?"

"Tutang'oa tena, citoyenne."

Nilisimama pale nikihesabu kwanga. Wembe, pamba, ganzi, bandeji, siku za kukaa bila kufanya kazi, mara kucha nne, halafu mara idadi ya safari ambazo daktari mwenyewe hakuijua. Nikasema nitarudi. Muuguzi alinionea huruma mlangoni, akanielekeza kwenye duka la dawa la karibu nikanunue dawa ya zambarau, ile ambayo inapakwa watoto wenye vidonda mdomoni. Ilikuwa bei ya kwanga chache tu. Kwa mara ya kwanza nilipata dawa ambayo haikuchoma.

Lakini mkono wenye vidole vya zambarau haufichiki. Huku kwetu, mtu aliyetoka kula au kufanya kazi chafu hampi mwenzake kiganja: anakunja ngumi, anampa kifundo cha mkono, na mwenzake anakishika hicho. Ni adabu. Miezi ile yote niliwapa watu kifundo. Asubuhi, mchana, mbele ya maktaba, mbele ya kanisa. Siku nzima nilikuwa mtu anayetoka kula. Rafiki yangu mmoja wa darasani alicheka, "Ee Feza, nyumbani kwenu munakulaka saa ngapi? Kila wakati!" Nikacheka naye.

Ilipofika zamu ya kuimba na kucheza kwa ajili ya Chama, ilibidi wote tupandishe mikono juu, vidole wazi. Mimi nilipandisha ngumi mbili. Kiongozi wa vijana akapenda, akawaambia wengine waige ari yangu. Jumamosi, kwenye salongo, ile kazi ya umma ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikosa, alinipa mtaro wenye maji machafu niuzoe. Nilimwonyesha vidole, nikamwomba kazi ya mahali pakavu.

"Citoyenne, nchi nzima ilale kwa sababu ya kucha zako?"

"Si nchi nzima. Mimi tu, na panga tu, pale kwenye majani."

"Kila mutu iko na kucha," akasema. Nikaingia mtaroni.

Sasa nifike kwenye siku ile. Mteja mkubwa wa Mama alikuwa dereva wa lori la kwenda Bafwasende. Kila safari alichukua mafungu mengi ya kwanga, mengine ya kula njiani, mengine ya kuuza kwenye vijiji vya wachimba dhahabu. Yeye peke yake alikuwa nusu ya biashara yetu. Siku hiyo nilikuwa nimekaa nyuma ya meza ya Mama sokoni, nikisoma, aliposhuka kwenye lori na kwanga moja mkononi, majani yamefunguliwa. Katikati ya weupe wake kulikuwa na mstari wa zambarau, mrefu kama kidole.

"Mama Feza," akaita, na kwa sauti aliyoita nayo soko lote lilisikia, "hii kwanga iko na encre ndani? Munatuandikia barua?"

Watu wakacheka. Kisha mwanamke mmoja akasema si wino, ni sumu, alishaona kitu kama hicho. Hapo kicheko kikakatika. Mteja aliyekuwa ameshalipa akarudisha kwanga yake mezani, taratibu.

Nilielewa papo hapo. Nilikuwa nimejipaka dawa mchana, na alasiri nikaingia kwenye pipa kama kawaida. Niliingiza mikono yangu chini ya kitabu. Dereva aliona.

Mama hakupiga kelele. Alisimama, akanyoosha mikono yake miwili mbele ya watu, akaigeuza, viganja juu, viganja chini. Ilikuwa mikono mizuri, kucha fupi, nyeupe, safi.

"Tazameni. Ni hii mikono tu inapikaka kwanga yangu. Kabla ya leo, kulikuwa na mingine. Kuanzia leo, hapana." Kisha akanigeukia, mbele yao wote. "Feza, hautaingiza tena mukono ndani ya maji yangu. Hata ya kuosha kikombe."

Dereva alitafuna midomo, akatazama mikono ya Mama, akachukua mafungu yake kama kawaida. "Bon. Lakini nikiona rangi tena, nanunua kwa Mama Lea." Mteja aliyerudisha kwanga akaichukua tena. Biashara ilipona, na pamoja nayo mwaka wangu wa masomo. Mimi nilitembea kurudi nyumbani nikitazama chini.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kama kifungo. Mama alishika neno lake. Sikupika, sikuosha vyombo, sikufua, sikuchota. Msichana wa nyumba ya kwetu asiyegusa maji ni nani? Majirani waliniita Mademoiselle. Nilikaa kitandani na vitabu, mlango wazi, nikimwona Mama uani akipiga magoti peke yake mbele ya pipa tulilokuwa tukipiga magoti wawili. Nilisikia maji. Sauti ya kukamua muhogo ni kama ya mtu anayetembea kwenye matope bila kufika. Nilikwenda mara moja kumwomba nimsaidie japo kufunga majani. Alinitazama tu mpaka nikarudi ndani.

Kwenye sahani ya pamoja pia niliondolewa. Wao walikula sombe, yale majani ya muhogo, na samaki kwa mkono, sahani moja, mimi nikapewa sahani ya bati na kijiko, kama mgeni ambaye hawamjui vizuri. Siku moja Papa, ambaye katika mambo haya yote alikuwa hajasema neno, alikohoa akasema, "Na mimi nipeni kijiko." Akahamia upande wangu na sahani yake. Alikula kwa kijiko vibaya, mchuzi ukimdondokea kwenye koti lake la abakosti, hadi mwisho wa ugonjwa wangu.

Ni Tonton Gaspard aliyeleta habari za vidonge. Mwenzake wa gereji alipona kuvu ya miguu kwa griseofulvini, akasema. Inapatikana kwenye duka la dawa la misheni, ng'ambo ya mto. Nilivuka kwa mtumbwi, nikasubiri kwenye foleni, nikauliza bei na muda. Vinamezwa kila siku, kwa miezi, pamoja na chakula chenye mafuta. Nilirudi nikifanya hesabu kichwani, na hesabu haikukaa. Ilikuwa bei ya kwanga ambazo pipa letu halikuweza kuzaa.

Nilimwambia Mama wazi: "Hata zikipona zote nne, kila ukucha utakuwa umekula mafungu na mafungu. Na hakuna anayetuahidi zitapona. Tuache."

"Weye unajua kuhesabu," akasema. "Mimi ninajua kukamua." Wiki hiyo hiyo alinunua pipa la pili.

Basi nikameza. Kila mchana, kidonge na mawese, kichwa kikiniuma, ulimi ukiwa na ladha ya msumari. Zambarau niliendelea kujipaka, kwa sababu tu chupa ilikuwa bado na dawa. Na Mama alikuwa na mapipa mawili. Ilikuwa katikati ya hayo ndipo aliponiuliza vidonge vinaua nini.

Badiliko la kwanza lilikuja bila kelele. Maumivu yaliondoka. Uvimbe ulishuka. Asubuhi moja, Machi au Aprili, niliona chini kabisa ya kidole gumba mwezi mwembamba wa rangi ya waridi, laini, usio na bonde. Niliutazama kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu. Nikamwita Papa badala ya Mama, sijui kwa nini. Aliutazama, akaupapasa kwa kidole chake kama mtu anayepima kitambaa. "Iko mupya," akasema. Mwezi ule ulipanda polepole, ukisukuma uozo mbele yake. Viwavi viliporudi sokoni, nilikata kipande cha mwisho cha njano. Nilikuwa na kucha kumi na diploma.

Nilipangiwa kufundisha Bafwasende, na dereva yule yule ndiye aliyenichukua, mbele, kwenye kiti. Kabla ya kuwasha gari alinyoosha mkono. "Leta nione." Nikampa kiganja. Akakigeuza. "Ah, Mademoiselle, sasa unaweza kupika." Kwa miaka mingi, mtu yeyote aliyenionyesha ukucha mbovu nilimwambia hivi: usipoteze kwanga zako kwa vitu rahisi, nunua vidonge. Ghali inayoponya ni nafuu kuliko rahisi isiyoponya. Niliipenda sana hesabu hiyo.

Papa alikuwa ameshafariki niliporudi Kisangani kufundisha. Nilishuka mbele ya nyumba, Mama akatoka uani. Nilinyoosha mkono. Alikunja ngumi, akanipa kifundo.

"Ulikuwa unakula, Mama?"

"Ee, nilikuwa nakula," akasema. Uani hapakuwa na sahani.

Nilimshika mkono nikaufungua kwa nguvu, naye akiniambia niache ukaidi. Kucha tano, kijani, zimenyanyuka. Mkono wa pili vile vile. Alikuwa nazo tangu mwaka ule wa mapipa mawili, akazifunika na kitenge kila niliporudi likizo, na sokoni alimlipa mpwa wake afunge na kuuza ili wateja wasione. Nilimwambia nitamnunulia vidonge siku hiyo hiyo. Lakini kwanza nilimpeleka hospitali, na safari hii, kwa bahati, tulimpata daktari kijana ambaye alikuja upande wetu wa meza. Alikwangua unga kidogo chini ya ukucha, akauweka kwenye kioo, akautazama kwa hadubini. Hadubini kama ile niliyoitumia kila wiki chuoni kutazama majani ya msitu wa Masako, mwaka wote ule ambao kidole changu kilikuwa kimeishika. Bei ya kukwangua ilikuwa ndogo kuliko ya chupa ya zambarau. Ukinisikiliza kwa jambo moja tu, nisikilize kwa hilo: omba kwanza wakukwangue.

Nikamuuliza daktari kama nikanunue vidonge vilivyoniponya mimi. Nilimweleza yote, pipa, mstari kwenye kwanga, kijiko. Mama alikuwa amekaa na mikono ndani ya kitenge. Daktari aliniambia kuvu si moja. Ile ya miguu inakufa kwa vidonge vile. Hii ya mikono inayoishi majini, aliyokuwa nayo Mama, na ambayo kwa maelezo yangu karibu kwa hakika nilikuwa nayo mimi, haisikii vidonge vile kabisa. Zambarau huenda ilisaidia kidogo. Kilichoponya ni kukaa nje ya maji.

"Sasa vile vidonge viliuaka nini?" Mama akauliza.

Daktari akamjibu kwa heshima: "Hakuna kitu, Mama. Havikuua kitu."